Mzee Tiki na Kisanduku cha Pili

Sasa hivi mwanangu ameingiza kipande cha biskuti kwenye tundu la dirisha la mapokezi, pale wagonjwa wanapopitishia kadi zao, kisha amesimama kwa ncha za vidole, mikono nyuma, anangoja. Ana miaka mitatu kasoro na anaujua utaratibu wa kliniki hii kuliko watumishi wapya. Anajua ukipitisha kitu pale kuna mkono wa mzee utakaokipokea, na sauti itakayomuuliza kwa utani, "Mama mkubwa, leo tukusaidie nini?" Leo mkono haukutokea. Kwenye kiti kuna koti tu. Mwenye koti amekwenda makao makuu kufuatilia fomu zake za pensheni, na habari zilizotufikia ni kwamba naye amesimama kwenye dirisha la mwenzake, na ameambiwa arudi kesho.

Mwenye koti ni karani wetu wa mapokezi, ambaye watumishi na wagonjwa wote tunamwita Mzee Tiki. Tarehe thelathini ya mwezi huu anastaafu, baada ya kuitumikia kliniki hii ya afya ya akili kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Nesi mkuu ameniambia niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Nilimwambia mimi nimeishia darasa la saba, na kazi yangu hapa ni kusukuma mafaili na kupiga deki. Akasema waliosoma wameshaandika kurasa mbili nzima, na ndani yake hamna mtu. Basi naandika mimi. Na kalamu ninayoandikia ni ya Mzee mwenyewe, ile inayofungwa pale dirishani kwa uzi wa kushonea vidonda isije ikatembea. Nimeifungua kwa muda, nitairudisha.

Mzee Tiki alifika hapa akiwa na miaka ishirini na minane, akaajiriwa kupeleka mafaili. Ndiyo kazi yangu ya leo, na toroli ni lile lile, gurudumu lake la kushoto limekuwa likilia tangu wakati huo. Baada ya miaka minne alipelekwa chumba cha kumbukumbu, na baada ya mingine mitatu akapewa dirisha. Amekaa pale miaka ishirini na minne. Kioo cha dirisha kina ufa alioubandika plasta ya hospitali, na kila plasta inapochakaa hubandika nyingine juu yake, kama jeraha ambalo halina haraka ya kupona.

Kama kuna jambo moja la kujivunia ambalo hata makao makuu hawawezi kumnyang'anya, ni hili. Hajawahi kumwita mgonjwa kwa jina lake mbele ya watu. Alisema mtu aliyejikaza mpaka akafika kwenye kliniki ya akili hastahili jina lake lipigwe kelele barabara nzima isikie. Basi aliwaita kwa kazi zao, au kwa jambo lolote aliloliona siku ya kwanza. Fundi bomba, karibu. Bibi wa kitambaa cha kijani, zamu yako. Kuna bwana mmoja alikuja mara ya kwanza amevaa suti kwa sababu alikuwa anatokea kwenye harusi ya kaka yake. Huyo ameitwa Bwana Harusi miaka kumi na moja, na hivi karibuni alikuja na mjukuu, na mjukuu naye akaambiwa, mkae hapo wewe na Bwana Harusi. Bwana Harusi alicheka mpaka akasahau kilichomleta. Siku hiyo alisema ile ilikuwa nusu ya dawa.

Sasa nije kwenye hilo jina la Tiki, maana wageni watakaokuja kwenye sherehe watadhani ni la utani tu. Lilianza kama utani. Halikubaki utani.

Kila mgonjwa anayefika hapa hujaziwa fomu. Juu yake pameandikwa kwa herufi nene kwamba mgonjwa ana haki ya kuchagua huduma anayoitaka. Chini kuna visanduku vitatu. Cha kwanza ni dawa na sindano hapa hapa kliniki. Cha pili ni mazungumzo na mshauri nasaha. Cha tatu ni kuhamishiwa kituo kingine. Ukitaka huduma fulani, inatiwa tiki kwenye kisanduku chake. Ni fomu nzuri, karatasi yake laini, mtu yeyote akiisoma atasema kumbe tunajaliwa.

Zamani chumba namba sita kilikuwa na mshauri nasaha. Akapata kazi kwingine, akaaga, na nafasi yake haikujazwa. Wagonjwa waliochagua kisanduku cha pili wakawa wanapewa kikaratasi kinachosema subiri upigiwe simu. Wengine walisubiri miezi saba bila simu na bila kidonge, kwa sababu aliyechagua mazungumzo alihesabiwa hakuchagua dawa. Mzee Tiki aliwaona wakirudi wamekonda, macho yamezama. Akawaonea huruma. Na huruma hiyo ndiyo iliyotuharibia, nami namsema mbele ya watu kwa sababu yeye mwenyewe ameniambia nisipoliandika hili nisiandike kabisa.

Alianza kufika saa moja kasoro robo, kabla mlinzi hajafungua geti dogo. Anachukua rundo la fomu mpya, analiweka mbele yake, anatia tiki kisanduku cha kwanza kwenye kila moja, haraka haraka, kama mtu anayechambua mchele anaoujua. Mgonjwa akifika anakuta amekwisha kuchaguliwa. Kazi yake ni kutia sahihi. Hakuna aliyerudishwa nyumbani mikono mitupu tena. Foleni ikawa fupi kuliko ya kliniki yoyote, wakubwa wakaja kuitazama, na mwaka ule Mzee akapewa cheti cha mfanyakazi bora, kikatundikwa ukutani nyuma ya kiti chake kwenye fremu ya dhahabu ya plastiki. Kwenye dirisha wakamtania, Mzee wa Tiki, mpaka ikabaki Mzee Tiki.

Jambo ambalo hakuna mtu hapa chini aliyelifikiria ni kwamba fomu zile hazilali kabatini. Kila mwisho wa mwaka zinapanda juu, zinahesabiwa, na fungu la fedha linagawanywa kwa kufuata visanduku. Waliohesabu walikuta kisanduku cha pili sifuri. Mwaka wa pili sifuri. Miaka minane mfululizo, maelfu ya watu wagonjwa wa moyo na fikra, na hakuna hata mmoja anayetaka kuzungumza na mtu. Basi fungu la mshauri likafutwa, likaenda kwenye rangi ya ukuta wa nje. Chumba namba sita kikawekwa viti vilivyovunjika miguu na mzani mbovu. Huwezi kulilia chakula wakati kila mwaka umeandikiwa kwamba huna njaa.

Mimi nilifika hapa kama mgonjwa, sikufika kama mtumishi. Mwanangu huyu alikuwa na wiki tisa. Nilikuwa nampakata kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani, na jirani amechelewa kurudi. Maziwa yanatoka, machozi yanatoka, na mimi mwenyewe sipo. Mama mkwe wangu ndiye aliyenileta, na simlaumu kwa maneno yake pale dirishani, alikuwa ameogopa. Alimwambia Mzee atafute kile kinachoponyesha haraka, maana mtoto anataka mama na nyumba inataka mtu. Mzee akasukuma fomu, akanionyesha pa kutia sahihi. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na tiki tayari, na wino wake ulikuwa umekauka.

Nilimuuliza mbona imejazwa na mimi sijasema kitu. Akatabasamu, akaniambia amenisaidia tu, hicho ndicho kilichopo. Nikasema mimi nataka hicho cha pili. Kuna jambo nataka kulisema, na siwezi kulisema mbele ya mama. Mama mkwe akatazama sakafu. Mama mmoja kwenye benchi nyuma yetu akacheka, akasema mchagua jembe si mkulima, na watu wakacheka naye, kicheko cha watu waliochoka. Mzee, kwa upole wote, akanieleza kwamba chumba kimefungwa kwa sababu watu hawakichagui.

Sikuwa nabishana. Nilikuwa sina hata nguvu ya kubishana. Niliuliza tu kama mtu anayeuliza njia.

"Nani aliwauliza?"

Mzee akaifunika kalamu kwa kofia yake. Foleni ikangoja, mtu wa nyuma akaanza kugonga kioo kwa kadi yake. Kisha Mzee akatoka ndani ya kile chumba chake, jambo ambalo mlinzi anasema hakuwahi kuliona saa za kazi, akamfuata nesi mkuu, wakaongea kidogo mlangoni. Basi mimi sikumpata mshauri. Nilimpata nesi mkuu kwenye stoo ya dawa, juu ya boksi la glavu, wakati wake wa chai, kwa muda wa asubuhi kumi na moja. Nilisema lile jambo langu siku ya nne. Watu wakiniuliza nilipona kwa nini, nasema nilipona kwa vidonge vya miezi mitano na kwa chai ya mwenzangu iliyopoa. Baadaye akanitafutia kazi hii ya toroli. Mwanangu amekulia kwenye korido hii, kati ya geti na dirisha, na siku alipotembea hatua za kwanza alitembea kumwelekea Mzee Tiki.

Jumatatu iliyofuata swali langu lile, Mzee alikuja na fomu tupu. Akawaita watumishi wote, akawaambia kuanzia leo kila mgonjwa ataulizwa, na litaandikwa analolitaka hata kama halipo. Walimkasirikia, naomba niseme ukweli, na mimi pia kwa kuwa ndiye niliyeuliza, na wengi wao wako kwenye sherehe hii. Foleni ilifika kwenye tangi la maji. Mfamasia alisema mzee ameanza kuzeeka vibaya. Wagonjwa wenyewe walilalamika, wamezoea kutia sahihi na kuondoka, leo wanaulizwa unataka nini na hawana jibu. Kuna mzee mmoja alivua kofia yake pale dirishani, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, hata mkewe, na akaomba apewe muda akafikirie nje. Alirudi baada ya saa moja. Alitaka cha pili.

Kisha Mzee akagundua kosa jingine. Kila aliyeulizwa, aliyejibu ni yule aliyemleta. Mume anajibia mke, kaka anajibia dada, shangazi anajibia ukoo mzima. Akanunua rangi ya njano kwa pesa yake, akapiga mstari sakafuni hatua nne kutoka dirishani, na aliyesindikiza akatakiwa kusimama nyuma yake. Siku moja bwana mmoja akapaza sauti toka nyuma ya mstari, akasema mke wake huyo anasema kutwa kucha, mazungumzo ya nini tena. Mke hakugeuka. Alisema tu, "Nasema peke yangu." Mzee akatia tiki, na nadhani ndiyo tiki aliyoitia polepole kuliko zote maishani mwake.

Kwa upande wa kisanduku cha tatu, kuna dada aliyekuwa anapanda magari mawili kuja kwetu, kwa sababu kwenye kliniki ya karibu na kwao nesi ni wifi yake, na jambo lake lenyewe lilihusu ndoa. Juu walimkataa, wakasema kila mtu ahudumiwe eneo lake. Mzee aliandika barua nne zikapotea. Ya tano aliipeleka kwa miguu na akakaa nayo kwenye ngazi zao mpaka ikagongwa muhuri. Dada yule anakuja mpaka leo. Hayo ndiyo mafanikio yetu, yako moja moja, unaweza kuyataja yote bila kuvuta pumzi mara mbili.

Mwaka ulipokwisha, fomu zikapanda juu, na safari hii kisanduku cha pili kilikuwa na watu mia nne na ushee. Tulidhani tutaletewa mshauri. Tuliletewa mkaguzi. Watu wa mipango wa makao makuu walisema haiwezekani kliniki iliyokaa miaka yote bila mtu hata mmoja wa kuzungumza igeuke ghafla namna hiyo, lazima karani ameghushi fomu ili kutafuta fedha. Bwana Mipango mwenyewe ndiye aliyekuja kukagua, mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Alifungua chumba namba sita, kiti kimoja kikamwangukia mguuni, akafunga. Kisha akamketisha Mzee Tiki mbele yetu kama mwizi wa kuku, akamtandazia karatasi, za miaka ile minane upande huu na za mwaka mmoja upande ule, akamwambia takwimu hazidanganyi.

"Takwimu hazikudanganya, mwanangu," Mzee alimjibu. "Nilidanganya mimi. Za uongo ni hizo unazoziamini."

Angeweza kunyamaza. Angesema wagonjwa wamebadilika, zama zimebadilika, na yangekwisha. Alibakiza miaka isiyotimia miwili astaafu, na mwenye akili katika umri ule hutembea kwa kunyata. Yeye aliandika kwa mkono wake kurasa tatu, akaeleza alivyokuwa anafika asubuhi, alivyotia tiki zile, kwa mwaka fomu ngapi, na kwamba hakuna aliyemtuma. Malipo yake yalikuwa barua ya onyo kali. Cheti kikashushwa ukutani na kijana wa makao makuu aliyekuja na mfuko kabisa wa kukibebea. Msumari ukabaki. Mzee akautundikia mwavuli wake.

Msishangae basi kwamba kwenye ratiba ya sherehe hii hakuna hotuba ya mgeni rasmi. Aliyealikwa amejibu kwamba kutokana na majukumu hataweza. Mia nne wale hakuna aliyewaomba radhi, na maelfu ya kabla yao hakuna hata aliyewahesabu.

Lakini kurasa zile tatu zilifanya kazi zilikokwenda, kwa sababu baada ya miezi minane tulipewa mshauri wa majaribio. Siku mbili kwa wiki, kwa mwaka mmoja, kisha wataangalia fomu waamue. Mimi na mlinzi tulitoa viti vibovu na mzani kwenye kile chumba, tukakideki mara tatu. Mshauri ni mama wa makamo, ana sauti ndogo na leso kubwa.

Sasa kuna jambo la siku ile ya kwanza. Miaka ya nyuma kulikuwa na fundi cherehani aliyekuwa akija kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kuchomwa sindano. Kila akija alimwambia Mzee kwamba sindano anashukuru, ila angependa kupata mtu wa kumsikiliza hata nusu saa. Mzee alimjibu Mungu mkubwa, akamsukumia fomu yenye tiki. Yule fundi akawa anawasimulia watu wa benchi, na wakimchoka anausimulia ukuta. Ikafika mwezi hakuja, na mwezi wa pili hakuja. Chumba namba sita kilipokuwa tayari, Mzee aliandika daftari la miadi, na nafasi ya kwanza kabisa, saa tatu asubuhi, akampa fundi cherehani. Kisha akapiga simu kwenye namba ya kadi. Alipokea dada yake. Alishukuru sana kwa kumkumbuka kaka yake, akasema walimzika mwezi wa nne, mwaka juzi.

Mzee hakuifuta ile nafasi. Watu walikuwepo, wengine walinung'unika. Saa tatu mshauri akaingia, akafunga mlango, akakaa saa nzima na kiti kitupu. Saa nne Mzee akaita wa pili. Faili la fundi cherehani halikurudi chumba cha kumbukumbu. Liko mpaka leo kwenye droo ya kulia ya meza ya mapokezi, chini ya plasta, na kila ninapofuta vumbi nalikuta limenyooshwa.

Tangu hapo, katika kila wagonjwa kumi, wanne huchagua cha pili. Kusubiri ni miezi mitatu, maana siku mbili kwa wiki ni kijiko kwenye kiu ya ng'ombe. Mzee huwaambia ukweli huo usoni, hamdanganyi mtu. Na ni yeye aliyeisoma ile fomu tena, mbele na nyuma, akaona hakuna palipoandikwa uchague kimoja tu. Miaka yote hiyo watu walikosa dawa kwa kuchagua mazungumzo, na wengine wakakosa mazungumzo kwa kupewa dawa, kwa sheria ambayo haikuwahi kuandikwa. Sasa anayetaka vyote viwili anatiwa vyote viwili. Mimi nikiona fomu ya namna hiyo kwenye toroli langu naifurahia, nakuwa kama nimeokota kitu.

Mwaka wa majaribio unakwisha tarehe thelathini. Ndiyo tarehe ile ile anayoondoka Mzee. Fomu za mwezi huu ndizo zitakazotazamwa zaidi, barua ya makao makuu imesema hivyo. Na karani mpya hakuna, fungu la karani halijatoka.

Wiki iliyopita Mzee alikuwa kwenye mambo ya pensheni siku mbili, na dirisha likashikwa na mwenzetu mmoja. Asubuhi ya tatu nilikuwa nadeki, nikaona juu ya meza rundo la fomu mpya limepangwa vizuri. Sitini. Nikaifunua ya juu, nikafunua ya katikati, nikafunua ya chini. Tiki, kisanduku cha kwanza, zote. Sitamtaja aliyezitia. Ni mtu mwema, aliiona foleni imefika kwenye tangi, akaona kuna kina mama wamesimama na watoto juani, akataka kusaidia. Ndivyo inavyoanza. Nilijisikia kama mtu aliyemkuta nyoka yule yule aliyedhani ameshauawa.

Nilimpelekea Mzee lile rundo alipofika. Nilidhani atapiga kelele. Aliketi, akauliza kama stoo kuna fomu tupu, nikamwambia zimekwisha mpaka robo ijayo ya mwaka. Basi akavuta kalamu yake kwa uzi wake, akaanza. Kwenye kila fomu alikata tiki kwa mstari mmoja, akaandika pembeni "mgonjwa hajaulizwa", akatia sahihi. Sitini. Mkono wake wa kulia una baridi yabisi, kila baada ya tano au sita aliunyoosha na kuukunja. Mwanangu alisimama pembeni akimpokea kila iliyokamilika na kuipanga chini sakafuni. Foleni ilingoja, na nasema kwa heshima ya wagonjwa wetu kwamba siku ile hakuna aliyegonga kioo. Alipomaliza ilikuwa karibu adhuhuri. Akaniangalia juu ya miwani yake, ile iliyofungwa kwa waya.

"Nikiondoka, mwanangu, wewe uliza tu. Wakichukia, uliza."

Kuanzia Jumatatu nesi mkuu ameniweka mimi dirishani kwa muda, na wote tunajua hiyo "kwa muda" ya hapa kwetu huwa miaka mingapi. Mwandiko wangu si mzuri. Ila kuuliza si ujinga, na nadhani kwa kazi ile mwandiko si kitu cha kwanza. Nikiwa na matumaini watu hunicheka, wananiambia subiri uzoee. Mimi naona chumba namba sita kitabaki wazi. Naona tutapewa siku tatu, halafu tano. Kama mtu mmoja aliyekosea namna ile aliweza kugeuka akiwa na miaka hamsini na saba, ofisi nzima itashindwaje?

Mzee wetu, kwa niaba ya wote wa hapa, wa benchi na wa korido, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa majina uliyoyaficha na kwa kosa ambalo hukulificha. Mama mkwe wangu ametuma salamu, anasema siku hizi akimsindikiza mtu hapa husimama mwenyewe nyuma ya mstari wa njano bila kuambiwa. Tunakuombea mkono wako upone, usingizi wako wa asubuhi urudi, na kila dirisha utakalosimama mbele yake, kuanzia hilo la pensheni, umkute mtu ndani yake, atakayekutazama kwanza kabla ya kugusa karatasi.

Nesi mkuu ananiita. Anasema dirishani kuna binti ameletwa na baba yake, ameinamisha kichwa, na baba ndiye anayejibu, na tayari mwanangu ameshamgawia yule binti biskuti. Naomba nimsogeze baba nyuma ya mstari. Na kalamu ya dirisha ndiyo hii hii niliyoishika, fomu ya binti inaingoja, kwa hiyo, Mzee wetu, kwa kifupi tu, tunakutakia